Seli Zilizokufa Hazirudi, Basi Mkono Hurudi Vipi?

Kiharusi kikiingia katika nyumba, ndugu hugawanyika makundi mawili kabla hata mgonjwa hajatoka wodini. Kundi la kwanza husema kwa sauti ya chini, huko uani, kwamba kichwa kikishaguswa ndiyo basi tena, na kilichobaki ni kumtunza mtu na kumwombea. Kundi la pili limekwisha kuona kwenye simu video ya mtu aliyekuwa hajiwezi kitandani na sasa anakimbia, nalo linaamini kwamba ubongo hujiponya wenyewe ukipewa muda, mafuta ya kuchua na vidonge fulani vinavyouzwa mtandaoni. Nimewasikiliza wote kwa miezi mingi, kwa sababu mjomba wangu, fundi cherehani wa zaidi ya miaka thelathini, alipooza upande wa kulia asubuhi moja akiwa anapima kitambaa cha mteja. Nilichojifunza tangu siku ile ni kwamba kila kundi limeshika kipande cha ukweli na kukielewa kombo.

Tuanze na maneno yenyewe, kwa maana sehemu kubwa ya mkanganyiko imo humo. Kiharusi ni hali inayotokea pale damu inaposhindwa kufika sehemu fulani ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umezibwa na bonge la damu, ama kwa sababu mshipa umepasuka na damu ikamwagika ndani ya kichwa. Kupooza si kiharusi, bali ni moja ya matokeo yake. Mkono wa mjomba haukuwa na kasoro yoyote. Misuli, mifupa na ngozi vilikuwa vilevile kama vilivyokuwa jana yake. Kilichoharibika kilikuwa kichwani, upande wa kushoto, mahali panapotoka amri za mkono ule, kwa kuwa kila upande wa ubongo huongoza zaidi upande wa pili wa mwili. Ndiyo maana kuchua kwa mafuta, hata kama kunamfariji mgonjwa na kulegeza misuli iliyokakamaa, hakuwezi peke yake kuurudisha mkono, kama ambavyo kubadilisha balbu hakuwezi kuwasha taa ambayo waya wake umekatika ukutani. Neno la tatu ni geni kidogo: unyumbufu wa ubongo. Maana yake ni uwezo wa ubongo kubadili miunganiko kati ya seli zake kulingana na yale unayoyafanya na yanayoupata, na uwezo huo haumalizikii utotoni.

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takriban kilo 1.4, ambao ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote inayotumiwa na mwili, na hauna ghala la kuiweka akiba. Ndani yake mna seli za neva zipatazo bilioni 86. Kwa hesabu iliyochapishwa mwaka 2006, mshipa mkubwa ukiziba na usizibuliwe, seli hizo hufa kwa kasi ya milioni 1.9 kwa kila dakika inayopita. Dawa ya kuyeyusha bonge la damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza, tena baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuonyesha kwamba mshipa haukupasuka, kwa sababu kumpa dawa hiyo mtu anayevuja damu kichwani ni kumwongezea balaa. Mjomba alifikishwa hospitali saa moja ya usiku. Kutwa nzima alikuwa akikandwa na kusomewa, kwani wazee walikuwa wameafikiana kwamba amepigwa na upepo mbaya. Simlaumu mtu kwa kusoma dua; ninachosema ni kwamba dua inaweza kusomwa ndani ya gari linaloelekea hospitali.

Wala hili si jambo la nyumba moja. Utafiti uliofanywa Tanzania kati ya mwaka 2003 na 2006, katika wilaya ya Hai na katika sehemu ya Dar es Salaam, ulikuta kwamba baada ya kusawazisha tofauti za umri, viharusi vipya kwa mwaka vilikuwa kama 109 kwa kila watu 100,000 huko Hai na kama 316 mjini Dar es Salaam. Presha isiyotibiwa ni chanzo kikubwa, na wanaoangushwa mara nyingi ni watu ambao bado nyumba zinawategemea.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Je, seli za ubongo zilizokufa hufufuka? Hapana, na hapa kundi la kwanza linasema kweli. Pale palipokufa hubaki kovu au uwazi uliojaa maji, na mtu akipigwa picha ya kichwa miaka kumi baadaye doa lile litakuwapo bado. Kosa la kundi hili ni kudhani kwamba kila kilichonyamaza kimekufa. Fikiria transfoma ya mtaa imelipuka na nyumba iliyo jirani nayo imeungua. Usiku ule mtaa mzima uko gizani, na mpita njia anaweza kuapa kwamba nyumba zote zimeteketea, lakini kukicha ataona kwamba iliyoungua ni moja na nyingine zimekosa umeme tu. Katika ubongo mambo huwa hivyohivyo siku za mwanzo. Pembezoni mwa kidonda mna seli zilizopata damu kidogo mno kuweza kufanya kazi, lakini ya kutosha kubaki hai. Mbali zaidi mna seli zilizo nzima kabisa ambazo zimenyamaza kwa sababu wenzao waliokuwa wakizitumia ujumbe hawapo tena. Juu ya hayo kuna uvimbe, ambao hubana hata sehemu zisizohusika.

Uvimbe ukipungua na seli hizi zikiamka, mgonjwa huanza kurudisha vitu ambavyo hakuna aliyemfundisha: mdomo uliopinda hunyooka kidogo, mguu hupata nguvu ya kusimama, kidole kimoja hutikisika. Haya hutokea zaidi katika wiki za mwanzo, na kasi yake huwa kubwa ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Nadhani hapa ndipo penye chimbuko la sifa nyingi zisizostahili. Yeyote aliyekuwa akimhudumia mgonjwa katika wiki hizo, awe mchuaji, mganga au muuza vidonge, atasema ni yeye aliyemponya, na familia itamwamini kwa sababu imeona kwa macho. Jambo ambalo haikuliona ni mgonjwa wa pili, asiyepakwa chochote, aliyetikisa kidole chake wiki hiyohiyo.

Baada ya hapo huanza kazi nyingine, ambayo ni ya polepole na haiji yenyewe: ubongo hujifunza upya. Kwa muda mrefu wataalamu wenyewe hawakuikubali. Santiago Ramón y Cajal, Mhispania aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1906 kwa kuchunguza muundo wa mfumo wa neva, aliandika kwamba njia za neva za mtu mzima ni kitu kilichokwisha kukamilika na kisichobadilika, na rai hiyo ilitawala sehemu kubwa ya karne ya 20. Iliyumbishwa na ushahidi wa aina nyingi. Mmoja ninaoupenda ulitoka Ujerumani mwaka 2004: watu wazima walifundishwa kwa miezi mitatu kurusha na kudaka mipira mitatu kwa zamu bila kuiangusha, na picha za vichwa vyao zikaonyesha kwamba sehemu za ubongo zinazofuatilia vitu vinavyosogea zilikuwa zimenenepa. Walipoacha mchezo huo kwa miezi mitatu mingine, sehemu hizo zikaanza kupungua tena.

Ili kuelewa kinachofanyika baada ya jeraha, tuache umeme twende shambani. Juu ya uso wa ubongo kila kiungo kina eneo lake, na vidole vya mkono vina eneo kubwa kuliko mgongo mzima kwa kuwa kazi zake ni nyingi na za umakini. Mipaka ya maeneo haya haikujengewa ukuta. Mtu akisafiri na kuacha shamba lake bila wa kulilima, jirani husogeza mpaka mwaka baada ya mwaka, si kwa ubaya, bali kwa sababu ardhi ipo na yeye ana jembe. Mwaka 1996 mtafiti Randolph Nudo na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio yao kwa kima wadogo wa Amerika ya Kusini, ambao sehemu ndogo ya eneo la mkono katika ubongo wao ilikuwa imeharibiwa. Kima ambao hawakufanyishwa mazoezi walipoteza hata kipande cha eneo la mkono kilichokuwa kimesalimika. Waliofundishwa tena kuokota chembe za chakula ndani ya vishimo vidogo walikihifadhi, na kwa baadhi yao eneo hilo likapanuka hadi sehemu zilizokuwa za kiwiko na bega. Kwa hiyo unyumbufu haumpendelei mgonjwa. Ukimkuta amekaa tu, humfundisha kukaa.

Na kukaa ndiko tulikomfundisha mjomba. Kwetu mkono wa kushoto hauingii sahanini, na yeye wa kulia ulikuwa umelala mapajani. Mkewe, ili kumwondolea aibu, akawa anamlisha kwa kijiko. Binti alimfunga vifungo vya shati. Mjukuu alimletea fimbo kabla hajaiomba, na mgeni akija aliwekewa mto aegemee, asichoke. Ndani ya mwezi mmoja nilimkuta ameulalia ule mkono hadi umekufa ganzi, naye hana habari, kana kwamba ni kitu cha mtu mwingine kilichosahauliwa kitandani. Yote haya yalifanywa kwa mapenzi.

Jambo hili lina jina: ni mazoea ya kutoutumia mkono. Aliyelieleza kwa kina ni mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub. Alieleza kwamba siku za mwanzo mgonjwa huujaribu mkono, ukashindwa, akaujaribu tena, ukashindwa. Mkono wa pili, ambao hauna tatizo, humfanyia kila kitu bila taabu. Na baada ya muda huacha kuujaribu, hata pale ambapo uwezo fulani umekwisha kurudi kimyakimya. Dawa yake inachekesha ukiisikia mara ya kwanza, nayo ni kuuzuia ule mkono ulio mzima. Katika utafiti mmoja mkubwa uliochapishwa mwaka 2006, wagonjwa 222 waliokuwa wamepata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilivalishwa glovu nene katika mkono ulio mzima kwa sehemu kubwa ya saa za kuwa macho kwa muda wa wiki mbili, huku likifanyishwa mazoezi mengi ya mkono dhaifu. Kundi hilo lilipata nafuu kubwa kuliko lile lililopewa huduma ya kawaida, na nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mmoja baadaye. Lakini msomaji asikimbilie kumfunga mzee wake mkono kwa kanga. Waliochaguliwa walikuwa wanaweza tayari kuinua kiganja na kukunjua vidole japo kidogo; kwa mkono usio na dalili yoyote ya mwendo njia hiyo haifai, na kwa anayeyumba akitembea ni kumtafutia kuanguka.

Kwa mjomba hakuna aliyefunga kitu. Mtaalamu wa mazoezi tiba, kijana mpole, alimwangalia kwa dakika chache, kisha akamwambia mkewe, “Mama, shati avae mwenyewe, hata kama mtachelewa msikitini.” Siku ya kwanza shati lile lilichukua dakika ishirini na tano na kifungo kimoja kikang’oka. Kisha akaagiza sinia la maharage yaliyochanganywa na vifungo vikubwa vya koti: mjomba avitoe vifungo kimoja kimoja kwa mkono wa kulia, avirudishe, avitoe tena. Kwa nini kazi ya namna ile, na si kuufinya tu mpira wa raba? Kwa sababu ubongo hujifunza kile hasa kinachorudiwa, na huhifadhi zaidi kile chenye maana kwa mwenyewe. Fundi cherehani anajua kifungo.

Idadi nayo ina uzito wake. Watafiti waliokaa katika vituo saba vya Marekani na Kanada wakihesabu, na kuchapisha hesabu yao mwaka 2009, waliona kwamba katika kipindi kimoja cha tiba, mkono dhaifu ulifanyishwa vitendo vyenye maana kwa wastani wa mara 32 tu, ilhali wanyama katika majaribio hurudia kitendo mara mamia kwa siku. Ikiwa nchi zenye vituo vya kutosha ndizo zinazofanya 32, nyumba isiyo na kituo karibu isijione imenyimwa kila kitu: mamia yale yanaweza kufanyikia barazani, kwenye sinia. Mtaalamu anahitajika ili kuchagua zoezi, kulipandisha ugumu na kuzuia bega lisiumizwe, kwani bega la mkono uliopooza huchomoka kwa urahisi mtu akiuvuta anapomwinua mgonjwa.

Hata hivyo kuna wanaosikia neno mazoezi wakataka kuanza usiku uleule. Utafiti mwingine uliohusisha wagonjwa 2,104 katika nchi tano, uliochapishwa mwaka 2015, uliwainua wagonjwa kitandani mapema sana, ndani ya saa 24, na kwa vipindi virefu na vingi kuliko kawaida. Matokeo yao baada ya miezi mitatu yakawa mabaya kidogo kuliko ya wale waliokwenda taratibu. Ubongo uliojeruhiwa una siku zake za mwanzo za kutulizwa, na daktari ndiye wa kusema zimekwisha lini.

Kuna upande mmoja wa kiharusi unaozitatanisha nyumba kuliko mkono, nao ni lugha. Nilipomwamkia mjomba, “Shikamoo,” alijibu, “Marahaba,” kwa sauti safi kabisa. Alisoma Alfatiha bila kukosea, na akihesabu moja hadi kumi hakwami. Lakini nilipomwonyesha mkasi wake mwenyewe na kumwuliza jina lake, aliukodolea macho, akasema “ile… ile…”, kisha akaupiga mkeka kwa hasira. Shemeji mmoja alinong’ona kwamba anajifanya. Hajifanyi. Hali hii huitwa afasia, na hutokea zaidi ubongo ukijeruhiwa upande wa kushoto. Mwaka 1861 daktari Paul Broca wa Paris alieleza habari za mgonjwa ambaye kwa miaka mingi aliweza kutamka silabi moja tu, “tan”, ingawa alielewa mengi aliyoambiwa; alipofariki, jeraha lilikutwa upande wa kushoto, mbele. Maneno yaliyokaririwa, kama salamu, hesabu, dua na nyimbo, yana njia zake ambazo hazitegemei sana mahali pale palipoumia, ilhali kutafuta neno na kulipanga katika sentensi mpya ni kazi nyingine. Ndiyo maana wapo wagonjwa wasioweza kuomba maji lakini wakaimba ubeti mzima kanisani, na wapo wataalamu wanaotumia kiitikio kama daraja la kulifikia neno. Nyumbani kinachosaidia zaidi ni subira: kumwuliza swali fupi, kumwachia muda, na kutomkatiza kwa kumalizia sentensi yake, jambo ambalo watu wa familia yetu, kwa jinsi tunavyopenda kusema, tulilishindwa kwa muda mrefu.

Tuviondoe njiani vitu vitatu vinavyorudiwarudiwa. Cha kwanza ni kwamba tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, kwa hiyo mgonjwa atachota kutoka asilimia 90 zilizolala. Hakuna sehemu hiyo. Picha za ubongo unaofanya kazi zinaonyesha kwamba sehemu zote hutumika, na kama tungekuwa na asilimia 90 za ziada, viharusi vingi visingetuathiri hata kidogo. Nafuu hupatikana kwa seli zenye kazi zake kubebeshwa kazi nyingine, na ndiyo maana wagonjwa huchoka sana kwa jambo dogo kama kuvaa viatu. Cha pili ni vidonge vya kuotesha ubongo. Dawa moja ya sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, iitwayo fluoxetine, iliwahi kuleta matumaini makubwa kwamba inasaidia viungo kurudi. Ilipojaribiwa Uingereza kwa wagonjwa zaidi ya 3,000, na majibu kutolewa mwaka 2018, haikuboresha uwezo wao wa kujitegemea, bali ilipunguza sonona na kuongeza mivunjiko ya mifupa. Ikiwa dawa halisi, iliyopimwa kwa uangalifu huo, haikufua dafu, nashindwa kuelewa kichupa kisicho na anwani ya mtengenezaji kitafaulu kwa lipi. Cha tatu ni ile hukumu ya miezi sita, kwamba kisichorudi ndani ya muda huo hakirudi kamwe. Kasi hupungua, ni kweli, lakini wapo watu walioongeza uwezo wa mkono baada ya mwaka na zaidi walipopewa mazoezi mazito. Ubaya wa hukumu ile ni kwamba hujitimiza: nyumba ikiiamini, huacha mazoezi mwezi wa saba, na mkono unazidi kurudi nyuma.

Waliopasuka vichwa kwa ajali za bodaboda wana habari yao. Kiharusi hupiga mahali pamoja, ila kichwa kilichotikiswa kwa kishindo huweza kuvutika na kukatika nyuzi zake za neva mahali pengi mno, bila mkono wala mguu kupooza. Kijana anatoka hospitali anatembea, watu wanamshukuru Mungu kwamba amepona, kisha mwezi wa pili wanaanza kulalamika kwamba amekuwa mkali, msahaulifu na mvivu. Mwaka 1848 msimamizi wa ujenzi wa reli huko Vermont, Marekani, Phineas Gage, alipenywa na chuma chenye urefu wa zaidi ya mita moja kilichoingia chini ya jicho na kutokea utosini. Vitabu vingi huishia kusema kwamba tabia yake iliharibika. Havisemi kwamba baadaye aliendesha magari ya farasi nchini Chile kwa miaka kadhaa, kazi yenye ratiba, abiria na barabara mbaya, ambayo mtu aliyeharibika kabisa asingeiweza. Inawezekana ratiba ileile ya kila siku ndiyo iliyokuwa tiba yake.

Neno la mwisho la kitabibu ni sonona, ambayo humpata takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu baada ya kiharusi. Huonekana kama ukaidi: mtu hataki mazoezi, hataki wageni, analia kwa jambo dogo. Kumwita mvivu ni kumdhulumu, na kumwacha bila tiba ni kuyapoteza marudio yote niliyoyataja hapo juu, kwa maana hakuna anayerudia kitu mara mia ikiwa moyoni amekwisha kukata tamaa.

Huu ni mwaka wa tatu. Mguu wa mjomba ulirudi mapema kuliko mkono, kama inavyokuwa kwa wengi, na sasa anaikanyaga cherehani yake ya miguu kwa muda wa saa nzima kabla ya kupumzika. Mkono wa kulia unaweza kukibana kitambaa kisiteleze, na kifungo cha nne cha shati, kile cha tumboni, ndicho pekee kinachomsumbua. Jina la mkasi lilirudi siku moja bila kutazamiwa, akiwa anamgombeza mwanafunzi wake aliyekata suruali kombo. Mkasi wenyewe bado anaushika kwa kushoto.